Camaro ya 1969 yenye silinda sita: nianze na injini, au nianzie wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Nina miaka 31, naishi Columbus, Ohio. Tulihamia hapa na wazazi kutoka Kigoma. Mwezi uliopita nilinunua Camaro ya mwaka 1969 kwa mzee mmoja aliyekuwa ameifunika turubai uani kwa miaka mingi. Ni ya silinda sita, gia ya otomatiki ya Powerglide, breki za dramu pande zote. Nambari ya gari inaanza na 123379N. Nina dola 35,000 za kuitengeneza. Nataka ibaki na sura yake ya zamani lakini iendeshwe kama gari la leo: niende nayo kazini, niende nayo safari, ikate kona bila kunitia hofu. Rafiki zangu wanasema ninunue kwanza injini mpya ya LS3 kwa sababu injini ndiyo roho ya gari. Mwingine anasema ni dhambi kuligusa gari la kihistoria. Nianze wapi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nianze na huyo wa dhambi, maana jibu lake umelileta mwenyewe bila kujua. Soma hiyo nambari yako: 1 ni Chevrolet, 23 ni Camaro ya silinda sita, 37 ni kupe ya milango miwili, 9 ni mwaka 1969, na N ni kiwanda cha Norwood. Kiwanda hicho kilikuwa hapo hapo Ohio, pembeni ya Cincinnati, mwendo wa saa mbili hivi kutoka kwako. Kilifungwa mwaka 1987. Kwa hiyo gari lako limezaliwa jirani, na limezaliwa bila makuu: silinda sita, breki za dramu, hakuna cha ajabu. Wanaotafuta magari ya asili hawaligombanii.

Ingekuwa inaanza na 124, yaani ya V8, ningekuambia weka spana chini kwanza. Mwaka ule zilitoka Z/28, toleo la Camaro la mbio, zipatazo 20,302, na nambari ya gari ya 1969 haikuambii kama ni Z/28 au SS, toleo jingine la nguvu. Inakuambia tu kama ni silinda sita au V8. Inabidi usome muhuri uliogongwa kwenye bloku mbele ya silinda hedi ya kulia, ulinganishe na nambari ya gari, utafute na karatasi zake za zamani. Nimeona mtu akikata gari la aina hiyo bila kuuliza, kisha akagundua amelipunguzia thamani kwa mikono yake. Wewe huna tatizo hilo. Toa ile injini ya silinda sita, ifunge kwenye stendi, mpe anayeitaka. Ila usibandike beji za Z/28 halafu siku moja ukaliuza kwa jina hilo. Tarakimu ya tatu itakuumbua.

Sasa rafiki zako wa LS3. Injini nzuri sana hiyo, sina ugomvi nayo: lita 6.2, alumini, nguvu farasi 430 ikitoka kwenye kreti. Lakini hebu fikiri itakapofungwa. Injini uliyonayo, kama ni ile ndogo ya inchi za ujazo 230, ilitoka kiwandani na farasi 140. Breki, springi, difu na bodi vyote vilipigiwa hesabu ya farasi hao. Ukiweka mara tatu ya hapo, hujalifanya gari kuwa la kisasa. Umelifanya lifike haraka mahali ambapo haliwezi kusimama. Isitoshe, ukijumlisha LS3, kompyuta na waya zake, gia boksi ya spidi sita, tangi la mafuta, bomba za moshi na rejeta, zaidi ya nusu ya pesa yako imekwenda, na gari bado limekaa juu ya mawe likiwa na kutu.

Gari kama lako huanzia kwenye bati. Najua haifurahishi.

Uko Ohio, ambako barabara hutiwa chumvi kila msimu wa baridi, na gari lilikaa chini ya turubai, kitu kinachotunza unyevu kuliko kinavyozuia mvua. Camaro za miaka hiyo zina mahali pao pa kuozea, na pabaya kuliko pote huwezi kupaona ukisimama nje. Chini ya kioo cha mbele kuna bati lenye matundu ya kuingizia hewa. Maji ya mvua hupita humo, na yanatakiwa yashuke pembeni, yatokee nyuma ya madigadi ya mbele. Majani ya miti yakiziba njia, maji yanalala humo mwaka hadi mwaka, bati linaliwa kutoka ndani. Fanya hivi: mwenzako aingie ndani na tochi, alale chali, kichwa chini ya dashibodi. Wewe mwaga ndoo ya maji taratibu juu ya yale matundu. Akilowa usoni, umeshajua kazi yako ya kwanza. Kulitengeneza kunataka kutoa madigadi, boneti na kioo, na kuchomoa mamia ya alama za welding. Fundi bodi mwenye haraka atakuambia apake gundi. Mshukuru, ondoka.

Kisha nenda nyuma. Kona mbili za chini za kioo cha nyuma huoza, na maji yake huteremka hadi kwenye buti. Inua zulia la buti uone sakafu, hasa pembeni inaposhuka kuelekea kwenye madigadi ya nyuma. Kama paa lina ngozi ya vinili, usiiamini. Chini yake unyevu haukauki. Lala chini ya gari utazame zile sehemu nne ambazo fremu ya mbele imefungiwa bodi kwa boliti, na mahali ncha za mbele za springi za nyuma zinaposhikia. Hapo kutu inahusu uhai wako, haihusu urembo. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isichubue rangi, ipitishe juu ya matao ya magurudumu na chini ya milango. Isiposhika, hapo pana puti.

Habari njema ni kwamba hakuna bati la Camaro ya 1969 ambalo huwezi kulinunua jipya. Kampuni ya Dynacorn hutengeneza hata bodi nzima. Angalia tu mwaka unaponunua: ya 1969 inafanana na za 1967 na 1968 kwa mbali, lakini milango, madigadi na bati za nyuma ni zake peke yake, boneti na mfuniko wa buti ndivyo vilivyobaki vile vile. Na kibati cha nambari kilichopigwa ripiti juu ya dashibodi usikiguse kwa kisingizio cha kupaka rangi. Kukiondoa kinyume cha sheria ni kosa la jinai la shirikisho, na afisa hatakuwa na hamu ya kusikia kuhusu rangi yako.

Kabla hujakata sakafu, funga vyuma vya kushikilia uwazi wa milango. Kupe hii haina nguzo katikati, kati ya kioo cha mbele na cha nyuma. Ndiyo maana ukishusha vioo vyote inapendeza vile. Uzuri huo una gharama yake. Sakafu ndiyo inayobeba kila kitu, na ukiikata bila kushikilia, bodi inajikunja milimita chache, kisha milango haifungi tena milele. Nilijifunza hilo kwa gari la mteja, nikiwa bado na kiburi cha ujana nilichotoka nacho gereji za Tanga. Wiki tatu za kazi nilizirudia bure.

Bati likiwa zima, ndipo tunakuja kwenye kile hasa unachotaka: ikate kona. Camaro ya kwanza imejengwa nusu kwa nusu. Mbele ina fremu fupi inayobeba injini na magurudumu, imefungwa kwenye bodi kwa boliti zilizopita katikati ya mipira. Nyuma hakuna fremu, bodi yenyewe ndiyo mhimili. Mipira ya miaka zaidi ya hamsini imeshakuwa kama mkate mkavu. Toa zote, weka bushi za alumini, kisha chomelea vyuma viwili vya kuunganisha fremu ya mbele na mihimili ya nyuma chini ya sakafu. Ni kazi ya wikiendi mbili, haigharimu pesa nyingi, na hakuna kitu kingine katika orodha yote kitakachokufanya useme mapema namna hiyo, "kumbe gari limebadilika."

Kuhusu fremu yenyewe utaona matangazo ya fremu mpya kabisa, za Detroit Speed wa North Carolina au Roadster Shop wa Illinois. Ni kazi safi. Kama ungekuwa na mara mbili ya pesa zako ningekuambia nunua. Kwa dola 35,000, kama fremu yako haijapinda wala kuoza, ibakize, ubadilishe mikono ya juu na ya chini inayoshika magurudumu ya mbele, bolijointi, springi, shokapu na stelingi boksi. Sababu ya kubadilisha mikono ya juu ni hii: wahandisi wa miaka ile walilipangia gari matairi ya zamani, yenye kuta laini. Gurudumu linapopanda kwenye kona, tairi haliinamii ndani kiasi cha kutosha, linabaki limeegemea ukingo wake wa nje. Matairi ya leo ya radiali hayataki hivyo. Mikono mipya na bolijointi ndefu zaidi hurekebisha njia ya gurudumu, na mwenye mashine ya alaimenti anaweza kulipa usukani uzito na kuufanya urudi katikati wenyewe. Usimwachie akuwekee vipimo vya kitabu cha 1969. Vitabu hivyo vilikuwa sahihi kwa matairi ya wakati ule.

Nyuma kuna springi za vyuma bapa, kama za lori, na katika magari ya silinda sita kila upande una bapa moja tu. Bapa moja! Kuna kijana mmoja alinijia, zamani kidogo, ameshaweka V8 ya farasi zaidi ya 400 juu ya springi hizo. Kila akikanyaga mafuta, ekseli inajipinda kwanza halafu inarudi, magurudumu yanarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Siku ya tatu pinioni ya difu ilimeguka meno barabarani. Alikuwa amenunua injini kwanza. Wewe weka springi za bapa nyingi zilizotengenezwa kwa kazi hii, na shokapu zinazolingana nazo. Mfumo wa mikono minne na springi za mviringo ni bora zaidi, lakini unaweza kuusubiri. Difu ya Ford ya inchi tisa ni imara na wengi huifunga kwenye Chevrolet bila aibu. Ukibaki na farasi chini ya 350 na ukaendesha kama mtu mzima, difu ya boliti kumi iliyofanyiwa ukarabati itakutosha kwa muda.

Breki: diski mbele na nyuma, silinda kuu mpya, mabomba mapya yote, sio nusu. Amua ukubwa wa diski kabla ya kununua rimu. Diski ya milimita 330 kwa kawaida inataka rimu ya inchi 17 kwenda juu. Wateja wengi hununua rimu kwanza kwa sababu ya picha, kisha diski haziingii. Kwa macho yangu, inchi 17 au 18 ndizo zinazolipa hili gari heshima yake. Za 20 zinalifanya lionekane kama toroli. Upana wa tairi la nyuma pima mwenyewe kwa rula, shokapu ikiwa imebanwa na imeachiwa. Ukiona Camaro yenye matairi ya nyuma ya milimita 335, ujue matao ya ndani yamekatwa na kupanuliwa.

Sasa ndiyo, injini. Ningekuwa wewe nisingenunua LS3. Ningekwenda kwenye yadi ya magari yaliyogongwa, nitafute injini ya lita 5.3 ya Silverado au Tahoe ya miaka ya mwanzo ya 2000. Ni ya ukoo huo huo wa LS ulioanza na Corvette ya 1997. Bloku yake mara nyingi ni ya chuma, kwa hiyo ina uzito zaidi, na kutoka kiwandani ina farasi kati ya 270 na 295. Hiyo ni karibu mara mbili ya ulichonacho, katika gari jepesi kuliko lori iliyotoka. Utakwenda kazini nayo, utakwenda safari nayo, na utalala usingizi. Ukiipenda, baadaye LS3 itakaa juu ya vishikizo vile vile vya injini, hutapoteza kitu. Nunua pamoja na gia boksi yake ya 4L60E, kompyuta, waya na pedeli ya mafuta kama throtoli ni ya umeme, kwa sababu pedeli, throtoli na kompyuta lazima vielewane. Powerglide yako ina gia mbili tu. 4L60E ina nne, na ya nne inapunguza mzunguko wa injini kwa asilimia 30. Kwenye barabara kuu ya kwenda Cleveland utausikia utulivu huo.

Yapo mambo yanayowashinda wengi kwenye ufungaji, na yote ni madogo. Sampu ya lori, yaani bakuli la oili chini ya injini, ni ya kina kirefu na itaning'inia chini ya fremu. Halafu vyuma vya stelingi ya Camaro hii vinapita nyuma ya ekseli ya mbele, kwa hiyo viko chini ya injini, pale pale sampu inapotaka kukaa. Nunua sampu iliyotengenezwa kwa gari hili, geuza usukani mpaka mwisho pande zote ukiwa na tochi chini, uone nafasi iliyobaki. Manifoldi ya juu ya lori ni ndefu, pima boneti. Kwenye silinda hedi kuna vitundu vidogo vya kutolea mvuke; viunganishe kwa mpira hadi juu ya rejeta, usivizibe. Ukiviziba, mvuke unakaa humo, geji inaonyesha baridi wakati hedi inaungua.

Mafuta ndiyo penye makosa ya hatari. Kabureta yako ilipata mafuta kwa presha ya chini ya 10 psi. LS inataka 58. Mabomba ya zamani, mipira ya zamani na klipu za skrubu haviruhusiwi karibu na presha hiyo. Nunua tangi jipya lenye pampu ndani yake na kuta za kuzuia mafuta kukimbilia upande mmoja kwenye kona. Pampu ya nje inayoning'inia chini ya buti ni rahisi, ina kelele, na huungua mapema.

Waya usiunge. Vua zote, weka seti mpya nzima. Za kwako zina fyuzi za kioo na zilipangiwa taa, honi na redio. Leo utaweka feni za umeme, pampu na kompyuta. Na tafuta fundi umeme anayeheshimu nyaya za ardhi. Katika kila magari kumi niliyoletewa yakisemwa kompyuta imekufa, mengi kompyuta ilikuwa nzima na waya wa ardhi umefungwa juu ya rangi.

Pesa zako ningezigawa hivi. Dola 5,000 zifiche, usimwambie hata mkeo. Zitahitajika kabla ya mwisho. Zilizobaki gawa katika mafungu matatu yanayokaribiana: bati, kisha chasi na breki na difu, kisha injini na kila kinachoizunguka. Umeona rangi haimo. Rangi nzuri hulipiwa saa za watu, nayo itasubiri mwaka mwingine. Tena ni bora isubiri. Funga gari lote likiwa na praima, liwashe, liendeshe miezi kadhaa, lisikie linagonga wapi na linavuja wapi. Kisha livue, lipake. Anayepaka kwanza hukwaruza rangi mpya akitafuta nafasi ya sampu. Picha unazoziona za magari ya Ringbrothers wa Wisconsin, au yale yanayozinduliwa Las Vegas kila Novemba kwenye maonyesho ya SEMA, ni maelfu ya saa za mafundi wanaolipwa. Zitazame kwa raha, usizilinganishe na gereji yako. Ukitaka mfano unaokufaa zaidi, soma kazi za Mark Stielow, mhandisi aliyefanya kazi General Motors na kujenga Camaro za 1969 moja baada ya nyingine kwa ajili ya kukimbizwa. Angalia anavyoanzia kwenye chasi. Si jambo geni kwa gari hili. Dereva Mark Donohue alichukua ubingwa wa mbio za Trans-Am 1968 na 1969 akiwa na Camaro ya lita tano, katika mashindano yaliyojaa kona.

La karatasi ni fupi. Ohio ina namba za magari ya kihistoria kwa magari yaliyozidi miaka 25, lakini ni za maonyesho, gwaride na mambo ya klabu. Wewe unataka kwenda kazini, chukua namba za kawaida. Bima iwe ya thamani mliyokubaliana tangu mwanzo, na tunza risiti zote pamoja na picha za kila hatua, kwa sababu bima ya kawaida italiona kama gari la zaidi ya miaka hamsini lisilo na bei.

Jumamosi hii fanya lile jaribio la ndoo. Nipigie picha tatu: chini ya dashibodi pande zote mbili, kona za kioo cha nyuma kwa ndani ukiwa umefungua buti, na mahali springi za nyuma zinaposhikia mbele. Rafiki zako wakikuuliza LS3 iko wapi, waambie fundi anatazama picha kwanza.